Mwaka Nilioombea Viazi

Mama Imani alifariki wiki mvua ilipoanza, na aliyenipigia simu kunijulisha ni Damaris, mtu ambaye sikuwa nimeisikia sauti yake tangu nikiwa msichana wa miaka ishirini na minne. "Lydia, ni mimi," alisema, kana kwamba tuliachana jana sokoni. "Mathe ametuacha. Watu wanakutana kwake Milimani kila siku saa kumi. Nimeona tu nikuambie." Nilikuwa kwenye duka langu la chakula cha mifugo hapa Njoro, mkono mmoja ndani ya gunia la pumba, na nilimwambia pole kama mtu yeyote anavyosema pole. Kisha nikamgeukia mzee aliyekuwa akingoja chumvi ya ng'ombe, nikampimia pumba badala ya chumvi, na akaenda nayo. Mume wangu aliniuliza huyo marehemu alikuwa nani kwangu. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwa nimewahi kumtajia hilo jina. Watu husema muda huponya. Mimi muda umenipa mvi na goti linalouma, basi. Niliyofanyiwa katika ile nyumba nayakumbuka kama ya juzi, na ninayaandika nikiwa na hasira. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba nimetulia.

Mwaka huo mimi na Damaris tulikuwa tumemaliza masomo Njoro na kuhamia mjini Nakuru, katika chumba kimoja cha kupanga huko Kaptembwa. Tulikuwa marafiki wa kugawana kila kitu: kitanda, sufuria, sweta moja nzuri ya kwenda nayo kwenye mahojiano ya kazi ambazo hatukupata. Pazia liligawa chumba, upande wa kulala na upande wa jiko la mafuta ya taa, na jirani upande wa pili wa mabati alikuwa fundi viatu aliyeimba tangu alfajiri. Tulipochoka kutuma barua za kuomba kazi tukaamua tutafute biashara. Ni rahisi kusema hivyo. Kutafuta wazo la biashara ukiwa huna chochote ni kazi ya kutwa, na kila wazo tulilolipata tulikuta mwenyewe ameshakaa juu yake. Tulifuga kuku, wakaugua wakaisha, hata jogoo. Tukatengeneza sabuni ya maji, tukagundua kila msichana aliyemaliza shule Nakuru nzima anatengeneza sabuni ya maji, na tulikuwa tunawauzia wauzaji wenzetu. Tukauza nguo za mitumba za watoto, na wamama walizigeuza-geuza, wakazinusa, wakazirudisha. Jioni tulikuwa tunakula ugali na sukuma wiki tukiulizana, je, ni nini watu wanahitaji na hakuna anayewapelekea? Damaris alikuwa na mzaha wake: "Wanahitaji pesa. Tuwapelekee?" Tulicheka sana katika kile chumba. Ninapomfikiria vibaya, na ninamfikiria vibaya mara nyingi, kile kicheko ndicho kinachonikera zaidi.

Wazo lenyewe lilikuja kupitia tumbo langu. Asubuhi moja nilikuwa mjini na njaa, nikaingia hoteli ndogo ya chipsi karibu na soko, nikaagiza. Mwenye hoteli, mwanamume mnene mwenye aproni iliyolowa, aliniambia bila kuinua kichwa, "Chipsi bado, madam. Tunapeel." Alikuwa ameketi juu ya kreti na kisu, gunia zima mbele yake. Mfanyakazi wa kumenya hakuja, alisema, na hata akija huwa anakuja amelewa. Nikatoka nikaingia hoteli ya pili: wanamenya. Ya tatu: wanamenya. Watu walikuwa wanaingia wakiuliza chipsi wanaondoka, na yale majiko yamewashwa bure. Nilisimama pale kando ya barabara, na najua ninavyosema hivi mtu atacheka, lakini moyo ulinienda mbio. Mji mzima unakula chipsi, Mau Narok na Molo zinashusha viazi kwa malori, na hakuna mtu wa katikati anayevileta vikiwa vimemenywa na kukatwa, tayari kwa mafuta. Siku hizi ni jambo la kawaida, unaviona kila mahali ndani ya ndoo. Wakati ule sikuwa nimekiona kitu hicho popote Nakuru. Nilirudi Kaptembwa kwa miguu nikiongea peke yangu.

Wazo ni kitu kimoja, viazi ni kitu kingine. Kiazi kikishakatwa hakina subira. Ndoo yetu ya kwanza iligeuka rangi ya kutu kabla hatujafika sokoni, na yule bwana mnene aliichungulia akaniuliza kama nimemletea matope. Basi nikajifunza, ndani ya kile chumba, kwa wiki nyingi. Nilijifunza kwamba kila kipande kiingie majini wakati ule ule kinapotoka kwenye kisu, si baada ya kumaliza beseni. Nikajifunza kwamba maji yakipata joto yanatoa povu na harufu ya uchachu, kwa hiyo ni maji ya bomba ya alfajiri, yanayouma vidole, tena yabadilishwe kabla hayajaanza kuwa meupe kama uji. Nikajifunza pia kwamba viazi vilivyokaa sana ghalani vinaungua nje kabla ya kuiva ndani hata uvifanyie nini, kwa hiyo lazima vitoke shambani moja kwa moja. Sakafu iliteleza kwa wanga. Damaris alimenya pamoja nami, akilalamika, vidole vimenyauka kwa maji, na mwenye baisikeli mmoja wa bodaboda alitubebea ndoo huku akitutukana kila tulipofika kwenye mlima. Lakini hoteli ya kwanza ilikubali, kisha ya pili na ya tatu, na yule bwana mnene akaanza kuniita "boss" mbele ya wateja wake. Sijawahi kuitwa jina lililonipendeza kama hilo. Wazo lilikuwa langu, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba sitarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa niseme juu ya Alhamisi. Kila Alhamisi baada ya saa kumi tulikwenda kwenye ushirika wa maombi nyumbani kwa Mama Imani. Alikuwa mjane mwenye watoto wadogo na nyumba kubwa Milimani, chini ya miti mirefu ya jakaranda, na moyo wake, tuliamini, ulikuwa mkubwa kuliko nyumba. Kwa wasichana wawili wanaoishi kwenye mabati, ile sebule ilikuwa nusu ya mbinguni: viti vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani yenye ndege, zulia lililotufanya tufiche soksi zetu zilizotoboka. Kulikuwa na chai ya maziwa yenye tangawizi kwenye chupa kubwa, mandazi, nduma, na viazi vitamu vilivyochemshwa, na Mama Imani alikuwa akituongezea bila kuulizwa. "Kuleni, wasichana wangu. Shetani hapendi mtu ameshiba." Tulisoma neno, tukaimba, kisha yakaja maombi ya mmoja mmoja. Hapo ndipo alipokuwa na kanuni yake. Hakukubali mtu aseme "niombeeni kazi" au "niombeeni familia". Alikuwa anainua kidole: "Mungu wetu si wa mambo ya jumla. Kwani ukienda dukani unasema nipe kitu? Taja. Taja kwa jina, taja mahali, ndiyo tukubaliane na wewe." Na watu walitaja. Mzee mmoja wa posta alitaja ugonjwa wake mpaka tukaona aibu. Dada mmoja alitaja jina la kijana anayemtaka na namba ya nyumba yake.

Nami nikataja. Alhamisi baada ya Alhamisi nilisimama kwenye lile zulia nikamweleza Mungu biashara yangu yote, na pamoja na Mungu nikawaeleza watu wote waliokuwa kwenye vile viti. Nilitaja hoteli zetu. Nilitaja mkulima wa Mau Narok anayenichimbia viazi siku ile ile. Nilitaja mambo ya maji. Mama Imani alikuwa akifumba macho, lakini maswali yake yalikuwa macho kabisa. "Hayo maji, mwanangu, unabadilisha wakati gani? Tumwambie Bwana vizuri." Nikasema. "Na ile hoteli kubwa ya njia ya Nairobi uliyosema unataka kuingia, meneja anaitwa nani? Tumwombee kwa jina." Nikasema hata hilo. Walinishika mabega, wakanizunguka, Damaris upande wa kulia na Mama Imani upande wa kushoto, na nililia kwa furaha, kwa sababu nilidhani nimepata watu. Huwaambii washindani wako siri za biashara, hilo nilijua, nilisomea. Lakini hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba mtu anaweza kukushindania huku amekushika bega na kusema amina. Mahali pengine ningekaa kimya. Pale, kukaa kimya kungekuwa kukosa imani.

Alhamisi moja nilikwenda jikoni kuchukua vikombe. Mama Imani alikuwa kwenye baraza la nyuma akiongea kwa simu, mgongo wake kwangu, karibu na friji ndefu ya kulala, yenye mfuniko juu, aliyokuwa akiwekea maziwa zamani alipokuwa akiyauza. Nikamsikia akisema, "Huyo msichana ni mwerevu, lakini hana hata friji. Hana gari. Atafika wapi na ndoo?" Kisha akasikiliza, akasema, "Ndiyo, kabla mwezi kuisha." Nilirudi sebuleni nikiwa na vikombe na machozi. Nikamnong'oneza Damaris, "Nafikiri anataka kutupatia ile friji." Nilidhani anatutafutia msaada. Damaris alichukua kikombe chake akakiangalia ndani, akasema, "Labda." Hilo neno lake moja nimelisikia tena na tena tangu siku hiyo, nikiwa napima chumvi, nikiwa naendesha gari, nikiwa kanisani. Alikuwa anajua. Alikuwa ameketi pale, goti lake likigusa langu, na alikuwa anajua.

Mwezi ule Damaris aliniambia amepata kazi ya ofisi, ya muda tu, kwa watu wa mambo ya shamba. Nilimkumbatia. Nikampa sweta yetu. Aliondoka asubuhi na mapema na kurudi amechoka, nami nikamwekea chakula kwenye sufuria na kumenya peke yangu. Hazikupita wiki nyingi kabla ya hoteli ya tatu kuniambia wamepata mtu mwingine. Kisha ya pili. Nilipofika kwa yule bwana mnene na ndoo zangu, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Boss, si mmeshaleta? Gari yenu imetoka hapa sasa hivi." Gari yetu! Nilikimbia hadi kona. Pikapu nyeupe ya Mama Imani, ile iliyokuwa ikitubebea viti vya mikutano, ilikuwa imesimama mbele ya hoteli nyingine, imejaa ndoo za buluu zenye vifuniko, na kwenye kiti cha mbele, karibu na dereva, aliketi Damaris amevaa sweta yetu, akiandika risiti. Aliniona. Nina hakika aliniona, kwa maana aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Pikapu ikaondoka. Nilibaki pale na ndoo zangu, maji yakinimwagikia viatu.

Ningeweza kuacha kwenda Alhamisi ile. Nilienda. Nadhani nilitaka waniambie nimeona vibaya. Chai ilikuwa ile ile, na mandazi yalikuwa mengi kuliko kawaida, kwa sababu Mama Imani alikuwa na ushuhuda. Alisimama, akaweka mkono kifuani. "Wapendwa, Bwana ameniamsha usingizini akanionyesha viazi. Mimi mjane, mimi nisiye na mtu. Akaniambia, mwanamke, amka, kuna kazi mkononi mwako. Na leo ninavyozungumza, tumeingia ile hoteli kubwa ya njia ya Nairobi." Kila mtu katika ile sebule alinisikia nikiombea ile hoteli. Kila mtu. Nikamtazama mzee wa posta, nikamtazama yule dada wa namba ya nyumba, nikingoja mmoja tu akunje uso. Wakasema amina. Wakapiga makofi. Na mimi, Mungu anisaidie, mdomo wangu ulizoea, nami nikasema amina.

Nilimfuata jikoni. Sikupiga kelele. "Mama Imani, hiyo ni biashara yangu." Alikuwa akipanga vikombe. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniua nguvu. Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyeanguka. "Mwanangu, wazo ni la nani? Wazo ni la Mungu. Alikupatia wewe kwanza, akaona umekawia, akapitisha kwa mwingine. Mimi nimekuombea, na unajua nimekuombea." Nikamwambia alinitoa maneno mdomoni kwa jina la Mungu. Akanipangusa shavu kwa kitambaa cha vyombo. "Usiweke uchungu moyoni. Kuja Jumatatu. Hakuna mtu anajua kupeel kama wewe, nitakuweka msimamizi wa wale wamama." Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na pale barazani wanawake walikuwa wameketi juu ya kreti, visu mkononi, kila kipande kikiingia majini kinapotoka kwenye kisu, jinsi nilivyomweleza Mungu.

Damaris, ambaye hakuwa amelala chumbani tangu siku ya pikapu, alirudi siku iliyofuata, mchana, kuchukua vitu vyake. Nilimuuliza kwa nini. Alikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena. "Alinipatia kazi, Lydia. Wewe ulikuwa unanipatia ndoo nibebe." Nikamwambia biashara ilikuwa yetu sote wawili. Akasema, "Hapana. Kila mtu alikuwa anakuita boss. Hakuna siku umesema ni yetu mpaka leo." Sijui kama alikuwa amelifikiria hilo kwa muda mrefu au alilipata hapo hapo kwa kujitetea. Sijali. Mtu mwenye kinyongo na rafiki yake anamwambia rafiki yake. Haendi kumuuza Milimani kwa kiti cha mbele kwenye pikapu. Aliacha sweta kitandani, imekunjwa vizuri, na mimi nikaitumia kupangusia ile sakafu.

Nilipata biashara yangu baadaye, hii ya chakula cha mifugo, na inanilisha. Nilipoianza sikumwambia yeyote, hata mama yangu mzazi alikuja kuiona ikiwa na kibao mlangoni. Wafanyakazi wangu hunisema kwamba mimi ni mgumu kama jiwe la kusagia, kwamba nikiulizwa gunia limetoka wapi najibu "shambani". Mume wangu alijifunza mapema kutouliza. Kanisani nakwenda, nasimama na wengine, na ikifika wakati wa kutoa maombi nasema "mnikumbuke", naketi. Watu wengine huibiwa kitu, wananunua kingine. Kile walichonichukulia katika ile sebule ni uwezo wa kumwambia mtu jambo likiwa bado bichi, likiwa bado ni furaha tu kifuani. Sijaweza tena. Viazi ningewasamehe.

Basi nilikwenda Milimani, mume wangu akiendesha gari. Nyumba imepakwa rangi mpya, na nyuma, palipokuwa baraza, sasa kuna jengo refu na malori mawili yenye picha ya ndoo ubavuni. Sebule ilijaa hadi uani. Damaris alikuwa akimimina chai. Amenenepa, nywele zimekuwa nyeupe mbele, na alinijia na chupa. "Asante kukuja," alisema. Nikamwambia sikuja kwa ajili yake. "Najua," akajibu, akanijazia kikombe hadi pomoni. Baada ya sala akasimama Imani, binti wa marehemu, yule mtoto aliyekuwa akifanyia masomo ya shule chini ya meza tukiomba, sasa mwanamke mzima mwenye suti nyeusi, na ndiye anayeendesha kampuni ya viazi.

"Kuna mtu yuko hapa leo nataka mumjue," alisema, na akanielekezea mkono. "Auntie Lydia. Mum hakuwa anaficha hii story. Hii kampuni ilianza na zawadi. Auntie alikuwa na hili wazo la viazi, akaona Mum ni mjane, ana watoto, akamwambia, chukua wewe, lea hawa watoto. Hakuitisha kitu. Kila Desemba tukishukuru Mungu, Mum alikuwa anataja jina lake. Auntie, hatukuwahi kukuambia asante." Sauti yake ilikatika. Alikuwa analia kwa kweli, na aliamini kila neno. Watu wakageuka kunitazama, nyuso zimejaa upendo, na makofi yakaanza mbele yakaenda nyuma hadi uani. Mume wangu akanitazama kama mtu aliyeoa malaika bila kujua. Nilidhani nimeshaibiwa chote kilichokuwepo. Kumbe nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja, kule kuibiwa kwenyewe, na marehemu alikuwa amekichukua hicho nacho, akakigeuza hisani, akakaa nacho miaka yote, na amekwenda nacho.

Nikasimama. Makofi yakaongezeka.

"Sikumpa," nikasema.

Wa mbele waliacha kupiga makofi kwanza. Imani alikuwa bado anatabasamu kwa machozi, hajaelewa. "Sikumpa," nikarudia kwa sauti. "Alichukua. Damaris yuko pale, anajua." Damaris alikuwa ameshika chupa ya chai kwa mikono miwili na hakuinua macho. Mchungaji akasema kwa upole, "Dada yetu ana uchungu wa msiba, tumwelewe," na mama mmoja karibu na dirisha, ambaye simjui na hanijui, akafanya wanavyofanya watu wetu jambo likiwa zito sebuleni: akaanzisha pambio. Wakalidaka kwa haraka, kwa shukrani, hadi wa uani. Mume wangu alinivuta sketi niketi. Waliliimba likaisha, na waliponiona bado nimesimama wakalirudia. Sikuketi. Nilingoja wamalize.